Aliyebaki Marich

Baba mkwe wangu, Mzee Erastus, alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza kila mtu aliijua kwa kuiona. Alifyeka nyasi za kiwanja kidogo cha ndege hapa Kakamega, na kuwafukuza ng'ombe wa majirani waliopenda kulala katikati ya njia ya ndege kwa sababu ya joto lake. Ya pili haikuwa na sare wala mshahara. Alikuwa akiwaleta wafu nyumbani.

Sisemi alikuwa na gari. Gari wenye msiba walitafuta wenyewe. Lakini huku kwetu mtu akifia mbali, iwe Nakuru, iwe Mombasa, lazima apate mtu wa kuketi karibu na sanduku na kumwambia njia. Asipoambiwa, mwili utafika na yeye mwenyewe atabaki kwenye kituo fulani cha mafuta akingoja kuitwa. Basi msindikizaji huweka mkono juu ya sanduku akamwambia: hapa ni mahali fulani, sasa tunapanda, shikilia, sasa tunavuka mto. Mito hasa. Mto hauvukwi bila kutajwa.

Baba alikuwa na sauti ya kazi hiyo, sauti ya chini isiyo na haraka. Mama mkwe wangu, Mama Ayuma, aliniambia siri ya kazi yenyewe ni kungoja. Ukitaja jina unaliacha likae mpaka gari lipite mahali penyewe, ndipo unalishika linalofuata. Jina, Baba alikuwa akisema, halitupwi kama ganda la muwa. Watu walimkumbuka alivyomleta jirani mmoja mpenda pombe kutoka Mombasa. Kila walipopita senta yenye baa, Baba aliinama akaliambia sanduku, "Hapa hatushuki, endelea kulala." Wenye msiba walicheka huku wakilia. Alipofika walimpa sukari na ingokho mmoja, na kuku huyo akawa wa Mama Ayuma, kama kawaida.

Mwanawe wa pili, Isaiah, ndiye aliyekuwa mume wangu.

Isaiah alikuwa dereva wa lori la watu wanaochimba visima vya maji kule Lodwar. Alikuja nyumbani mara chache, akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na samaki wakavu wamefungwa kwenye gazeti. Nyumba ilinuka samaki siku nzima na mimi nililalamika. Kabla hata hajavua viatu, alienda kuketi na baba yake kwenye veranda, na wale wawili walianza kuhesabu barabara jinsi wanaume wengine wanavyohesabu mabao ya mpira. Lodwar, Lokichar, Kainuk. Baba aliuliza mto wa pale una daraja au unavukwa hivihivi. Isaiah alieleza. Marich, Ortum, Chepareria, Kapenguria, mpaka Kitale, mpaka Webuye, mpaka hapa mlangoni. Baba hakuwa amefika Lodwar hata siku moja, lakini aliijua njia yote, na aliyemfundisha ni mwanawe. Mimi nilikuwa nikipika na kusikia. Sikujua kwamba na mimi nilikuwa najifunza.

Abigail wetu alipokuwa bado hajaanza kukaa mwenyewe, simu ilipigwa kwamba Isaiah ana homa kali na hatambui watu. Baba alipanda basi siku hiyo hiyo. Alimkuta mwanawe hai, akamlisha uji kwa kijiko, na Isaiah akamtambua kwa muda mfupi. Halafu akafariki.

Mvua ilikuwa imeanza kule juu. Mto wa Kainuk ulijaa ukala kingo za daraja, na malori yakasimama huku na huku bila kuvuka. Mwajiri wa Isaiah alikuwa na ndege ndogo ya kuleta vipuri, akasema itamleta marehemu na baba yake, itue hapa hapa Kakamega. Baba alipiga simu kutuarifu. Mama Ayuma aliweka simu kwa sauti ya nje, tukasikia wote.

"Huko juu utamwambiaje njia?" Mama aliuliza.

"Nitamwambia," Baba alisema. "Njia ni ileile."

Tulienda kiwanjani kuwangoja, wanawake tumeketi kwenye nyasi ambazo Baba mwenyewe alizifyeka wiki zilizotangulia. Shemeji yangu Wesley, kaka yake Isaiah, alikuwa amewafukuza ng'ombe. Ndege ilitoka kwenye mawingu upande wa Kitale, ndogo, ikiyumba, ikatua na kukimbia mpaka mwisho, ikageuka. Wanawake walianza kulia. Mimi nilikuwa nimembeba Abigail kwa leso, na kwa kuwa nilikuwa nimejiambia sitalia kabla sijaliona sanduku, niliuangalia mlango. Ndiyo maana niliona kitu ambacho wengine hawakukiona.

Baba alishuka mdomo wake ukitembea. Alikuwa akisema na mtu. Rubani, kijana mmoja aitwaye Kipruto, alimshika mkono amsaidie kukanyaga ngazi, na Baba akamtazama kama mtu aliyeamshwa. Aliangalia chini, akayaona majani yake. Aliangalia juu ya mapaa yetu. Akasema neno moja.

"Bado."

Watu walidhani ni uchungu. Wesley alimkumbatia. Rubani, kwa heshima tu, kwa kutafuta la kusema, aliwaeleza wanaume kwamba safari imekuwa nzuri. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita mia nne, mtu anachukua siku nzima na wakati mwingine anafika usiku, lakini angani ni kama mia tatu na thelathini, saa moja na robo tu. Nilimwona Baba akigeuka kumsikiliza. Alimwuliza arudie. Kipruto akarudia, saa moja na robo, Mzee. Baba akatikisa kichwa polepole, akaenda kuketi peke yake kwenye ukingo wa njia ya ndege, na wanaume wengine ndio waliobeba sanduku.

Tulimzika Isaiah kando ya migomba. Wageni walikula, waliimba, wakaondoka. Ndipo nyumba ikaanza kuwa vile ilivyokuwa.

Sitasema nilimwona. Sikumwona, na hilo ndilo lilikuwa baya. Mtu akifa na kuzikwa kwenye boma lake, unamsikia yuko. Ukipita karibu na kaburi unapunguza mwendo, mwili unajua. Mimi nilipita pale na ndoo ya maji kama ninayepita shamba la mtu mwingine. Mama Ayuma alikuwa akilifagia kaburi kila asubuhi, na asubuhi moja aliegemea ufagio akasema bila kumwangalia yeyote, "Hapa hakuna mtu." Akaendelea kufagia.

Mbwa wetu ambaye zamani alilala mlangoni kwa Isaiah alihama. Alienda kulala kiwanjani, pale ndege iliposimama, na kichwa chake kilielekea kaskazini. Nilimpelekea chakula mchana, akala, akarudi kulala vilevile. Na Abigail, ambaye sasa alikuwa akikaa, alikuwa na tabia nikimweka kwenye mkeka anajivuta polepole mpaka anageukia upande huohuo. Nilimgeuza atazame jikoni nikaendelea kuosha nepi. Nikiinua macho, yuko kaskazini. Hakuwa akilia. Alitazama tu, kama mtoto anayengoja mtu aliyesema anakuja sasa hivi.

Kuna siku harufu ya samaki wakavu ilinifikia mchana kweupe. Haikukaa. Ilikuja mpaka kizingitini ikarudi. Nilitoka nikauliza kama kuna jirani anayepika samaki, na hakukuwa na yeyote.

Lakini aliyetutia hofu zaidi alikuwa Baba. Alikuwa akikonda. Alikata obusuma, ule ugali wetu, kidogo kwa vidole, akafinyanga, akarudisha sahanini. Kutwa aliketi kwenye veranda akiangalia kiwanja, na fyekeo lake lilishika kutu chini ya kiti. Jamaa ya Mzee Osiako walikuja kumwomba akawaletee binti yao Natasha aliyefia Nairobi. Baba aliwakatalia. Walishangaa, wakabembeleza, wakaondoka na hasira. Haikupita muda huko Lurambi wanawake wa sokoni wakawa wanasema ndege imemfanya Mzee Erastus kuwa bubu, alienda juu akaacha ulimi huko. Nilinunua nyanya zangu nikanyamaza.

Mama Ayuma hakunyamaza. Jioni moja, Baba aliposukuma sahani, alimwambia maneno ambayo mimi jikoni niliyasikia na kutamani nisingeyasikia. Alimwambia, "Wafu wa watu wote unawafikishanga. Wako ndiye umekuja kumtupa njiani, mwanaume wewe." Nilijua hapo kwamba Mama pia amejua, ila hajui ni wapi. Na nilijua tusipofanya kitu tutamzika Baba kando ya kaburi lisilo na mtu.

Nilifikiria sana. Shuleni, darasa la sita, mwalimu alitufundisha kupima umbali kwenye ramani. Kuna kupima kwa rula, kutoka nukta hadi nukta. Na kuna kupima kwa uzi: unaulaza uzi juu ya barabara, kila kona na kona yake, halafu unaunyoosha. Uzi ukinyooshwa unazidi ile rula. Tulicheka kwa sababu miji ni ileile miwili. Nilikuwa nikianika nguo nilipoukumbuka ule uzi na ile rula, na lile neno "bado", na ule mdomo uliokuwa ukitembea. Niliacha shuka kwenye beseni.

Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawapeani mikono, hawakai kiti kimoja, na wakiongea mmoja hutazama kando. Nilienda kwenye ngazi ya veranda, nikakaa chini, nikampa mgongo. Abigail nilikuwa naye mapajani.

"Baba," nilisema nikiangalia migomba. "Siku ile mlitua ukasema bado. Ilikuwa bado nini?"

Nilisikia fyekeo likisogezwa chini ya kiti.

"Bado Marich," alisema.

Kisha akaniambia yote, kwa ile sauti ya kazi yake ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba. Kwenye ndege viti vya nyuma vilitolewa, sanduku likawekwa, na yeye akaketi karibu, mkono juu. Ndege ilipoondoka alianza. Hii ni Lodwar, mwanangu, tunaondoka. Akangoja. Alitazama dirishani ili ajue wakati wa kutaja linalofuata, na chini palikuwa na mawingu tu, meupe, hakuna barabara wala mto. Basi akapima kwa moyo wake, jinsi basi lililompeleka lilivyopima. Aliiacha Lodwar ikae. Aliiacha Lokichar ikae. Alipofika Kainuk alitaja mto uliowazuia, akamwambia Isaiah asiuogope, wako juu yake. Hakuharakisha, kwa sababu hajawahi kuharakisha mtu yeyote, na huyu alikuwa wake. Alikuwa amefika Marich, pale barabara inapoingia mlimani, kuna mto na daraja. Akamwambia, hapa ngoja kidogo kando ya mto, nitakuambia tukishika daraja. Na magurudumu yakagonga chini, akaona majani yake mwenyewe.

"Nilimwambia angoje," Baba alisema. "Na anangoja. Isaiah ukimwambia kitu alikuwanga anafanya."

Nilimwona wazi, kando ya mto ule nisioujua, amevaa koti lake la kazi, mvua inamnyea, mikono mfukoni, akiangalia juu kuona baba yake atasema saa ngapi.

Niliuliza kwa nini hajarudi kumchukua. Alisema msindikizaji harudi nyuma. Akimrudia mtu aliyemwacha, si yeye atakayemleta yule, ni yule atakayemchukua yeye. Alisema hilo bila woga, na nilielewa kwamba kila asubuhi pale verandani alikuwa akifikiria kwenda kwa njia hiyo. Ndiyo maana hakula.

"Mimi sikumwacha mahali," nilisema. "Mimi nitamwita. Wewe utaje tu majina kuanzia pale."

Nilisikia kiti chake kikilia. Hakusema ndiyo. Lakini jioni ile alimaliza sahani yake, na Mama Ayuma alinitazama kwa muda mrefu kupitia moshi wa jikoni.

Nilipomweleza, Mama ndiye aliyekuwa mgumu. Alisema mtoto mchanga hapelekwi mahali kama pale, na mjane hatembei na baba mkwe, watu watasema. Nikamwambia watu tayari wanasema. Akakaa siku mbili tatu akinung'unika, halafu asubuhi moja akaja na koti la kazi la Isaiah, lile lililorudi na vitu vyake, ambalo alikuwa amekataa lifuliwe. Ndani yake alikuwa amefunga kuku wa kuchemsha na obusuma kwenye jani la mgomba. Alisema tu, "Mfike mchana. Msimwite jioni, wataitika wengi."

Wesley alitubeba na pikapu yake. Yeye hupenda mzaha hata kanisani. Alisema amebeba miwa, amebeba fahali wa watu mpaka soko la Lubao, amebeba kwaya nzima, lakini hajawahi kubeba mtu asiyemwona, na kama kuna nauli alipwe mbele. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe alikoma kuongea kabla hatujafika Malava. Tulilala Kitale kwa jamaa ya mama yangu, nyumba yenye umeme na televisheni, na hatukuwaambia tunakokwenda.

Asubuhi tulipita Kapenguria, barabara ikaanza kushuka mlima. Sikuwahi kuona milima ikisimama hivyo, na barabara ikiwa imejikunja ubavuni mwake. Niliwaza: rula ilipita hapa juu bila kuona kona hata moja. Baba alikuwa nyuma kwenye sehemu ya mizigo, ametandika mkeka, na katikati ya mkeka hakukaa. Kupitia dirisha la nyuma nilimwona akisoma kila mahali kwa macho bila kutamka. Wakati wa kwenda hataji. Anayetajiwa hayupo.

Marich ilikuwa na jua. Mto ulikuwa umepungua, maji ya kahawia yakipita kati ya mawe, na wanawake wawili walikuwa wakiuza asali kwenye chupa kando ya barabara. Mahali pa kawaida kabisa, na hilo lilinitisha. Wesley alisimamisha gari upande wa kaskazini wa daraja. Baba alishuka, akaenda mpaka kwenye kingo, akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Alijaribu tena. Mguu wake mmoja uliteremka kwenye ukingo kuelekea maji, kisha wa pili. Wesley alimshika mkono. Mzee alikuwa mwepesi kama fimbo, lakini Wesley, anayebeba magunia, alilazimika kutia nguvu.

Nikajua ni mimi sasa. Nilikuwa nimemfunga Abigail mgongoni na koti liko mikononi. Njia nzima nilikuwa nikitafuta maneno ya kumwita marehemu, maneno makubwa kama ya wazee. Yote yalinipotea. Nililolipata ni lile nililokuwa nikimwitia kutoka mlango wa jikoni, yeye akiwa verandani na baba yake wakihesabu barabara.

"Baba Abigail," niliita. "Chakula kinapoa."

Wanawake wa asali waligeuka kutazama. Mto uliendelea. Hakuna upepo uliovuma, hakuna ndege aliyelia. Ila nilimhisi Abigail mgongoni akiacha kunyonya vidole. Kichwa chake kikageuka, kikatazama chini kwenye mawe, kikaanza kupanda polepole, kikapita bega langu la kulia, kama anayemfuata mtu kwa macho. Kikasimama, kikielekea mbele yangu. Akacheka kile kicheko chake cha kooni ambacho sikuwa nimekisikia tangu mvua. Sisemi koti liliongezeka uzito. Nasema tu kwamba nililishika kwa mikono miwili.

Nililipeleka garini nikalilaza katikati ya mkeka. Baba alipanda akaketi, akaweka mkono juu yake. Nikamsikia akikohoa.

"Sasa tunashika daraja," alisema. "Huu ni mto wa Marich. Tunavuka, mwanangu. Nilichelewa."

Wesley aliendesha polepole, kama anayebeba mayai. Kila daraja alipunguza mwendo bila kuambiwa. Dirisha la nyuma tuliliacha wazi, na njia nzima ile sauti ilitufikia. Ortum, hapa tunapanda, shikilia. Chepareria. Kapenguria, hapa kuna baridi, funga koti. Malori yalitupigia honi yakatupita. Baba hakuharakisha. Nilimnyonyesha Abigail, akalala, na nilikuwa nimezoea watoto wanavyolala garini wakishtuka kwenye kila tuta, lakini yeye hakushtuka.

Baada ya Kitale askari wa barabarani alitusimamisha. Alimwuliza Wesley amebeba nini na watu wangapi.

"Watano," Wesley alisema.

Askari alimhesabu yeye, akanihesabu mimi na mtoto. Akaenda nyuma. Nilimwona kwenye kioo amesimama kando ya mkeka, Baba akiliambia koti kwamba hapa ni polisi tu, tutaendelea sasa hivi. Askari alikuwa mtu mzima, na kwa jina kifuani, Lusweti, nilijua ni wa huku kwetu. Alirudi dirishani akampa Wesley leseni yake.

"Nzoia msiipite haraka," alisema. "Maji ni mengi."

Hatukuipita haraka. Pale Webuye Wesley alisimamisha gari kabisa, na Baba aliutaja ule mto kwa jina lake mara moja, akauacha ukae.

Tulipofika Kakamega jua lilikuwa bado liko juu ya miti. Baba aligonga paa la pikapu, akamwelekeza Wesley asiende nyumbani moja kwa moja. Apitie kiwanjani, pale ndege iliposimama. Alitaka yule aliyekuja kwa barabara aanze pale uliposhuka mwili uliokuja kwa ndege, ili kutoka hapo njia yao iwe moja. Mbwa alikuwa amelala pale pale. Gari lilipokaribia aliinuka, akanusa hewa nyuma ya pikapu, akatufuata mpaka nyumbani bila kubweka.

Mama Ayuma alikuwa amesimama kando ya kaburi. Sijui alijuaje saa. Baba alishuka na koti, akasema jina la mwisho, ambalo ni jina la boma letu na sitaliandika. Mama alilipokea koti mikononi mwake, na alisema nalo, si nasi.

"Umechelewa sana," alimwambia. "Ingia."

Walilizika pale juu, si kina kirefu. Nilipita hapo kesho yake na ndoo, na miguu yangu ikapunguza mwendo yenyewe. Ndoo ilinishinda, nikaiweka chini, nikamlilia mume wangu kwa mara ya kwanza kama mtu anayejua anakolilia.

Baba anakula sasa. Fyekeo alilinoa, na alienda mwenyewe kwa Mzee Osiako kumwomba msamaha juu ya Natasha, akakuta alishaletwa na kijana mmoja aliyetaja njia kwa kusoma kwenye simu. Jioni alimwambia Mama Ayuma, "Bora alitajiwa." Mimi aliniambia jambo moja, akitazama kando kama inavyotakiwa: siku yake ikifika, akiwa popote, asiletwe kwa ndege. Nikamwambia sawa, Baba.

Lakini ndege hazijaacha kutua. Si nyingi, na huwa ndogo. Ikisikika upande wa Kitale, Baba huacha kufyeka, anasimama kati ya majani, na ukiwa karibu utaona mdomo wake unatembea, haraka sasa. Anajifunza kuimaliza barabara yote kwa saa moja na robo, kila mto na jina lake, kwa sababu hajui ni mtoto wa nani ataletwa hivyo kesho. Anasema siku nyingine anafika Webuye. Siku moja alifika Malava.

Nami nikianika nguo huwa najikuta naitaja barabara ile. Lodwar, Lokichar, Kainuk. Abigail, ambaye sasa anasimama kwa kushika shuka, hunitazama mdomo. Majina mengine nayapita. Pale Marich husimama kidogo, nangoja, mpaka nihakikishe hakuna aliyebaki.